Macho yanayovimba asubuhi: ni aleji, au ni figo za mtoto?

Swali: "Habari za kazi, daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Kwa wiki tatu sasa anaamka macho yamevimba, na ikifika mchana uvimbe unapungua. Tulipewa dawa ya aleji na matone ya macho, tukamaliza chupa, hakuna badiliko. Juzi nimeona soksi zinamwachia alama miguuni na suruali inambana kiunoni, ilhali chakula anakula kidogo tu. Hana homa, anacheza, halalamiki mgongo wala tumbo. Kuna aliyeniambia nimpime figo. Kweli mtoto mdogo hivi anaweza kuugua figo? Nitajuaje?"

Jibu: Ndiyo mama, mtoto huugua figo katika umri wowote, na wapo wanaozaliwa nazo zikiwa tayari na kasoro. Kwa haya uliyoyaeleza, mkojo wa mwanao upimwe leo au kesho. Usisubiri wiki nyingine. Kipimo cha kwanza ni kijiti chembamba cha plastiki chenye vipande vya rangi. Kinachovywa kwenye mkojo na kusomwa ndani ya dakika moja au mbili. Kilistahili kutangulia ile chupa ya dawa ya aleji.

Kwanza tuondoe dhana moja inayochelewesha watoto wengi, kwamba figo ikiugua lazima mgongo uume. Nyama ya figo yenyewe haihisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoifunika, pale unapovutwa kwa ghafla na maambukizi, au njia ya mkojo inapozibwa, kwa mfano na jiwe. Magonjwa mengi ya figo ya utotoni hayafanyi hivyo, kwa hiyo mtoto anaweza kuendelea kukimbia na mpira huku figo zake zinavuja. Kwamba mwanao hajalalamika mgongo hakutuambii lolote.

Sasa tuangalie uvimbe wenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo sana, kwa kukadiria milioni moja, na kazi yao mojawapo ni kupitisha maji na taka huku wakizuia protini za damu zisitoke. Protini iliyo nyingi zaidi ni albumini, nayo ndiyo inayosaidia kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa. Kichujio kikilegea, albumini hutoroka na mkojo, figo nazo huanza kulimbikiza chumvi, na maji huhamia kwenye tishu. Mtoto akilala usiku kucha, maji hayo hujikusanya kwenye ngozi laini inayozunguka macho. Akiamka na kusimama, yanateremka miguuni. Ndiyo maana uso "unapona" mchana na soksi zinaacha alama jioni. Aleji haifanyi hivyo. Macho ya aleji huwasha, huwa mekundu, hutoa machozi, mara nyingi na chafya juu yake, na hata siku moja hayabani suruali kiunoni.

Unaweza kuhakikisha nyumbani. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo cha mguu, hesabu hadi kumi, kisha achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Angalia pia mgongo wa chini ikiwa mtoto amelala muda mrefu, na kwa mvulana angalia mfuko wa korodani, maana ngozi yake ni laini na hujaa mapema. Kisha mpime uzito. Mtoto wa umri huu huongezeka kilo 2 hivi kwa mwaka mzima. Aliyeongezeka kilo 2 kwa wiki mbili ilhali hali chakula vizuri, hajanenepa. Amebeba lita 2 za maji. Wengi hufurahia mashavu yaliyojaa, na hapo ndipo wiki zinapopotea.

Si kila uvimbe ni figo. Unyafuzi huanzia miguuni, mtoto huwa mnyonge, nywele na ngozi hubadilika, na mkojo wake hauna protini nyingi. Ugonjwa wa moyo huja na kuhema na kuchoka haraka. Ini likishindwa, tumbo hujaa maji na macho mara nyingi huwa ya manjano. Kinachotenganisha haya yote mapema kuliko kitu kingine ni ule mkojo.

Kuupima vizuri kuna utaratibu wake. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usiku uliotangulia hakikisha mtoto amekojoa kabla ya kulala, ili mkojo wa asubuhi uwe ule uliotengenezwa akiwa amelala tu. Sababu ni kwamba baadhi ya watoto wenye afya kamili, hasa wakishakaribia balehe, huvujisha protini kidogo wakiwa wamesimama na hawavujishi wakiwa wamelala. Mkojo wa saa nane mchana unaweza kumpa mtoto kama huyo ugonjwa asio nao. Tumia chombo kikavu kisicho na mabaki ya sabuni wala dawa ya kuulia vijidudu, kwa kuwa mabaki hayo huweza kukibadilisha kijiti rangi bila protini yoyote. Acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ufike kwenye kipimo ndani ya saa moja. Ikishindikana, uwekwe kwenye friji, si juani wala kwenye mkoba.

Anayepima naye ana ya kuangalia. Tarehe ya mwisho kwenye kopo la vijiti, kwanza. Kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu na vijiti vyake haviaminiki tena. Kijiti kizamishwe mara moja na kutolewa, kikung'utwe pembeni, kishikwe kwa ulalo ili rangi za vipande zisichanganyike, kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwa vijiti vingi protini husomwa kwenye sekunde 60 na chembe nyeupe za damu kwenye dakika 2. Kukisoma baada ya dakika tano ni kubahatisha.

Majibu huandikwa kwa alama za kujumlisha. Moja ni kama gramu 0.3 za protini kwa lita, mbili ni gramu 1, tatu ni gramu 3. Alama moja kwa mtoto mwenye homa, au aliyetoka kukimbia sana, haina uzito mkubwa: rudia akishapona. Mkojo mzito sana nao huonyesha alama moja bila sababu, na mkojo mwepesi kama maji unaweza kuficha protini iliyopo. Lakini alama moja au zaidi inayojirudia kwenye mikojo mitatu ya asubuhi, siku tofauti, inahitaji kuchunguzwa hata kama mtoto anaonekana mzima. Alama tatu kwa mtoto aliyevimba haingoji kurudiwa. Hapo maabara ipime uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo uleule. Kwa mtoto aliyepita miaka 2 uwiano wa kawaida hauzidi miligramu 20 za protini kwa milimoli ya kreatinini, na ukifika 200 tunasema figo zinavuja kwa kiwango cha nefrotiki, yaani protini nyingi kupindukia. Uwiano huu umetuondolea adha ya kukusanya mkojo wa saa 24, kazi ambayo kwa mtoto mdogo haikuwahi kufanyika sawasawa. Damu nayo ipimwe albumini. Ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, pamoja na uvimbe na protini nyingi kwenye mkojo, picha imekamilika.

Picha hiyo ndiyo ninayoishuku kwa mwanao. Inaitwa sindromu ya nefrotiki. Huwapata zaidi watoto wa mwaka 1 hadi 10, na katika umri mdogo wavulana ni kama mara mbili ya wasichana. Jina linatisha kuliko ugonjwa wenyewe: watoto wanane au tisa kati ya kumi huitikia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni miligramu 60 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili kwa siku, au miligramu 2 kwa kilo, bila kuzidi miligramu 60 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 6. Kisha dozi iliyopunguzwa, siku moja anapewa siku moja anaruka, kwa wiki nyingine 4 hadi 6. Nakutajia ili ujue kwamba tiba hii inahesabiwa kwa wiki na miezi, si kwa vidonge vya siku tano, na kwamba kuikatisha ghafla ni hatari kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Kabla ya kuanza, daktari atataka kujua kama mtoto ana kifua kikuu, minyoo, homa ya ini aina ya B au VVU, kwani steroidi hushusha kinga na kuyaamsha yaliyolala. Asiyeitikia ndani ya wiki 4 huhitaji bingwa wa figo za watoto, na mara nyingi kutolewa kipande kidogo cha nyama ya figo kwa sindano ili kichunguzwe. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni habari nyingine. Kwake tunawaza kasoro za kurithi tangu mwanzo.

Jiandae pia kwa hili: wengi wanaopona huugua tena, pengine mara kadhaa, hasa wakipata mafua. Ndiyo maana mzazi hupewa kopo la vijiti na daftari. Kila asubuhi anaandika tarehe, alama ya protini, uzito na dawa. Siku tatu mfululizo bila protini, au na dalili yake hafifu tu, ugonjwa umetulia. Siku tatu mfululizo za alama tatu, umerudi, na tiba huanza kabla hata macho hayajavimba. Daftari hilo lina thamani kuliko vipimo vingi vya gharama.

Kwa nini tunahofia uvimbe ambao haumuumi? Kwa sababu pamoja na albumini, mtoto hupoteza protini za kinga na zile zinazozuia damu kuganda ovyo. Homa na maumivu makali ya tumbo kwa mtoto aliyevimba ni maambukizi ya utando wa tumbo mpaka ithibitike vingine. Mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda. Akiwa kwenye dozi kubwa ya steroidi, chanjo zenye vijidudu hai kama ya surua huahirishwa, ilhali ya nimonia inahitajika mno; na akikaa karibu na mgonjwa wa tetekuwanga bila kuwahi kuiugua wala kuchanjwa, daktari aambiwe siku hiyohiyo, asingojee vipele.

Upo ugonjwa mwingine wa kuvimba ambao sura yake ni tofauti. Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 12, aliumwa koo wiki moja au mbili zilizopita, au vidonda vya ngozi vyenye usaha wiki tatu hadi sita nyuma. Sasa mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ni mchache, na uso umejaa kidogo. Hapa vichujio vimevimba kutokana na kinga ya mwili kupambana na bakteria aina ya streptokoki. Protini si nyingi sana; shida kuu ni presha. Ikipanda, mtoto huumwa kichwa, hutapika, huona ukungu, na anaweza kupata degedege ambalo watu hulidhania malaria au kifafa. Wengi sana hupona kabisa, ila wiki ya kwanza inahitaji kulindwa, pengine wodini. Kumbuka pia, mkojo mwekundu hauthibitishi damu: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huupaka rangi ya machungwa mekundu, na mkojo wa vichanga huacha doa la rangi ya matofali kwenye nepi kutokana na chumvichumvi tu. Kijiti na darubini huamua.

Kwa kuwa nimetaja presha, katika kuipima kuna makosa mawili yanayofanyika mara kwa mara. La kwanza ni mkanda wa kupimia unaofungwa mkononi. Mpira unaojazwa hewa uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzunguko wa mkono wa juu, na uzunguke asilimia 80 hadi 100 ya mkono huo. Mkono wa sentimita 17 unataka mpira wa sentimita 7 hivi. Mkanda mdogo hutoa presha ya uongo ya juu, mkubwa mno hutoa ya chini. La pili ni kusoma kwa macho ya mtu mzima. Kwa mvulana wa miaka 4, kuanzia 102/60 hivi tunafungua chati ya umri, jinsia na urefu. 120/80 ambayo mtu mzima angepongezwa nayo, kwake ni ya juu sana.

Kreatinini ya damu ina mtego uleule. Hutokana na misuli, na mtoto ana misuli michache. Fomu nyingi za maabara huchapa kiwango cha watu wazima, hivyo mtoto mwenye kreatinini ya mikromoli 80 kwa lita hurudishwa nyumbani na neno "kawaida". Fanya hesabu hii ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu: 36.5 mara urefu wake kwa sentimita, gawanya kwa kreatinini. Mtoto wa sentimita 100 mwenye 80 anapata 46, na tunategemea zaidi ya 90. Nusu ya nguvu ya figo imepotea chini ya neno hilo moja. Angekuwa na 40, angepata 91. Kwa hiyo urefu wa mtoto upimwe siku ileile ya damu na uandikwe kwenye fomu. Na kwa upande wa pili, kreatinini nzuri haifuti protini: katika nefrotiki figo huweza kuvuja sana na bado kusafisha damu vizuri.

Mwanao amejitangaza kwa uvimbe. Wengine hawavimbi kamwe, na hao ndio wanaochelewa kuliko wote. Mtoto wa kiume anayekojoa kwa kudondosha, anayejikamua, au ambaye mkojo wake haujawahi kuruka mbali, anaweza kuwa na kijiutando kinachoziba mrija wa mkojo tangu kuzaliwa. Mgandamizo hurudi nyuma na kuzitafuna figo zote mbili, na ultrasaundi ya mimba wakati mwingine huwa iliishaonyesha figo zilizojaa maji. Kichanga mwenye homa isiyo na chanzo, anayetapika na kukataa kunyonya, apimwe mkojo kabla ya antibayotiki, na mkojo wa kuotesha bakteria usitokane na mfuko uliobandikwa, maana huchafuliwa na ngozi. Ukingwe unaporuka au utolewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, anayeamka usiku kunywa maji, aliyepauka, ambaye urefu wake umesimama kwenye chati wakati wenzake wanapanda, au miguu inayopinda bila kuitikia vitamini D, huyo apimwe mkojo, presha na kreatinini. Figo zilizochakaa hushindwa kukoleza mkojo, kwa hiyo mtoto anaweza kukojoa sana na bado figo ziwe zinakufa. Na mtoto aliyekuwa na kuhara damu, siku chache baadaye akapauka na mkojo ukakatika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu mwanao, mpaka aonwe: punguza chumvi, lakini usimkatie maji kabisa. Usimlishe protini kupita kawaida ukidhani unafidia inayovuja; kichujio kilicholegea huitoa tu. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki, usimpe mitishamba, na usinunue dawa ya kukojoza maji. Hii ya mwisho inavutia kwa sababu uvimbe hupungua, lakini kwa mtoto wa nefrotiki mishipa inaweza kuwa mikavu tayari ingawa ngozi imejaa, na dawa hiyo humaliza kidogo kilichobaki. Akiwa na mikono ya baridi, kizunguzungu, kuhema, maumivu ya tumbo na homa, degedege, au akipitisha saa 12 bila kukojoa, nenda usiku huohuo. Kwa mtoto wa kilo 16 mkojo ulio chini ya mililita 200 kwa saa 24 ni mchache mno.

Ukienda kesho, beba mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye chombo safi, kadi yake ya kliniki yenye uzito wa zamani, na ile chupa ya dawa ya aleji pamoja na dawa nyingine zozote alizokunywa tangu uvimbe uanze. Eleza kwamba uvimbe ni wa asubuhi na hauwashi. Omba kijiti kwenye mkojo, presha kwa mkanda wa mtoto, uzito na urefu. Protini ikiwa alama tatu, usikubali kuondoka na matone mengine ya macho. Uliza albumini na kreatinini zitapimwa wapi, na lini.